Majuto ni Mjukuu

Juma lililopita nilipanda basi hapa mjini Morogoro kwenda Matombo, ng'ambo ya milima ya Uluguru. Barabara ya kule ni kona na makorongo. Kondakta, ili kututuliza abiria, akawasha video. Akatokea mzee kakunja uso, hata neno hajasema, basi zima likaangua kicheko. Mama aliyeketi karibu yangu, kapakata tenga la ndizi, akaniambia: "Huyu baba kafa, lakini kazini bado yupo."

Maneno hayo sikuyaacha garini.

Mzee yule ni marehemu Amri Athumani, yaani King Majuto. Alizaliwa Tanga mwaka 1948, akapanda jukwaani mwaka 1958 akiwa bado mtoto, Tanganyika haijapata hata Uhuru. Alifariki dunia Agosti 8, 2018 katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Hesabu mwenyewe: miaka 60 ya kuigiza.

Tukumbuke pia kwamba Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Sisi tuliolelewa na redio tuliwajua Pwagu na Pwaguzi kwa sauti tu. Majuto naye alifanya kazi zaidi ya miaka 30 kabla runinga haijaingia sebuleni. Ilipokuja, ikafuatiwa na wimbi la filamu za video, ikamkuta fundi aliyekwisha kukomaa. Alikuwa baba bahili, mzee mjanja, mkwe mkorofi. Hakuhitaji kuwa kijana mtanashati wa filamu. Alihitaji kuingia tu, watu wakamwamini.

Kenya walikuwa na wa namna yake, Mzee Ojwang', yaani Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015. Alikuwa Mkikuyu, lakini katika Vitimbi alizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo hadi wengi wakaamini ni Mjaluo.

Sasa niulize: kicheko cha basi lile kilimlipa nani? Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na mwigizaji naye anatambuliwa humo. Lakini sheria haikusomei mkataba kabla hujatia saini. Mwaka 2018, Majuto akiwa mgonjwa, Waziri wa Habari wa wakati huo, Dk. Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Ilikuwa hatua njema, ila kwa mzee yule jua lilikuwa limekwisha kuzama.

Vijana wetu wa Morogoro wanaofanya mazoezi ya maigizo jioni, nawaomba jambo moja. Mkiletewa karatasi, msitazame tarakimu ya fedha peke yake. Ulizeni: kazi hii itaonyeshwa wapi, kwa miaka mingapi, na nikishakufa wanangu watapata nini?

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Wajukuu wa msanii nao huja baadaye. Wasikute kicheko kitupu.