Hitilafu za umeme katika mashine za pinboli za zamani

Hitilafu za umeme katika mashine za pinboli za zamani ni kasoro zinazotokea katika mashine za mchezo wa pinboli zilizotengenezwa kabla ya kompyuta ndogo kuanza kutumika ndani yake. Mashine hizo huitwa za kielektromekanika, kwa sababu kazi zote za kuhesabu pointi, kukumbuka zamu na kumaliza mchezo hufanywa na swichi, rilei, koili na mota. Karibu kila hitilafu yake inaweza kuonekana kwa macho au kupimwa kwa multimita, mradi fundi afuate utaratibu.

Historia kwa ufupi

Katika pinboli mchezaji hurusha gololi ya chuma juu ya ubao ulioinama na kupata pointi kila inapogonga shabaha. Mwaka 1931 kampuni ya Gottlieb ya Chicago, Marekani, ilitoa mashine iliyoitwa Baffle Ball, ambayo haikutumia umeme. Mwaka 1933 ilitoka mashine ya Contact, iliyobuniwa na Harry Williams, ambayo ilitumia umeme wa betri kurusha gololi kutoka shimoni. Mwaka 1947 Harry Mabs wa Gottlieb alibuni Humpty Dumpty, mashine ya kwanza yenye flipa za umeme, yaani mikono midogo ambayo mchezaji huitumia kuipiga gololi isianguke.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 kompyuta ndogo zilichukua nafasi ya rilei. Kwa hiyo mashine za kielektromekanika zilizobaki ni kuukuu, na sehemu yake ikiharibiwa na matengenezo mabaya huwa vigumu kuipata nyingine.

Muundo wa umeme

Mashine za Marekani hupokea umeme wa volti 120. Transfoma huupunguza hadi volti 6 hivi kwa ajili ya balbu, na volti 24 hadi 50 kwa ajili ya koili, kutegemea kampuni. Sehemu muhimu ni hizi:

- Koili: waya uliozungushwa kwenye kikopo. Ukipita umeme, koili huvuta kipande cha chuma kinachosukuma flipa au kugonga kengele.
- Rilei: koili ndogo inayofungua na kufunga swichi kadhaa kwa pamoja.
- Mota ya pointi: huzungusha visahani vyenye meno yanayobonyeza swichi kwa mpangilio maalumu.
- Magurudumu ya pointi: hubeba tarakimu 0 hadi 9 na kusogea hatua moja kila koili yake inapopata umeme.
- Vihesabio vya hatua: vina vidole vya chuma vinavyotembea juu ya sahani yenye vituo vya shaba, kwa mfano kuhesabu gololi zilizokwisha kuchezwa.
- Fyuzi: hukata umeme mkondo unapozidi kiasi.

Usalama

Plagi ichomolewe kabla ya kugusa nyaya au kusafisha swichi. Kuzima mashine kwa swichi yake hakutoshi, kwa kuwa umeme wa volti 120 unaweza kuwa bado upo kwenye waya unaoingia. Mashine nyingi za zamani zina plagi ya pini mbili isiyo na waya wa ethi. Fundi mwenye ujuzi anapaswa kuweka waya wa pini tatu na kuunganisha ethi kwenye sehemu za chuma.

Fyuzi iliyokatika haifai kubadilishwa kwa fyuzi kubwa zaidi, wala kufungwa kwa waya au karatasi ya fedha. Fyuzi ikizuiwa kufanya kazi yake, kinachoungua ni koili au nyaya, na mashine hizi zimejengwa ndani ya sanduku la mbao.

Katika nchi zenye umeme wa volti 230 hadi 240 na hezi 50, kama Tanzania na Kenya, mashine ya volti 120 huhitaji transfoma ya kupunguza umeme. Iliyotengenezwa kwa hezi 60 huzungusha mota yake polepole zaidi kwenye hezi 50, na transfoma yake hupata joto zaidi.

Utaratibu wa uchunguzi

Hatua ya kwanza ni kutazama: waya uliokatika, risasi iliyoachia, koili iliyobadilika rangi kwa joto, au plagi iliyolegea kati ya sanduku la chini na kichwa cha mashine. Hatua ya pili ni kupima fyuzi zote kwa multimita baada ya kuzitoa, kwa sababu fyuzi inaweza kuonekana nzima nayo imekatika.

Baada ya hapo hutumiwa mchoro wa sakiti. Kwa kawaida mchoro huonyesha swichi na rilei zikiwa katika hali ya kupumzika. Fundi huanza na koili isiyofanya kazi, kisha hurudi nyuma kuangalia kila swichi iliyo kwenye njia ya umeme wake. Koili yenyewe hupimwa ukinzani: ikiwa haipitishi umeme kabisa, waya wake umekatika, ikiwa ukinzani wake uko chini sana kuliko wa koili nyingine ya aina hiyohiyo, imepiga shoti ndani.

Hitilafu za kawaida

Flipa dhaifu. Koili ya flipa ina nyaya mbili: mnene wa kupigia na mwembamba wa kuishikilia flipa ikiwa juu. Ncha za swichi ya mwisho wa mwendo hugusana flipa ikiwa chini, na huachana inapofika juu. Ncha zikichafuka, flipa hupiga bila nguvu. Zisipoachana, waya mnene hubaki na umeme na koili huungua.

Mota isiyosimama. Mchezo unapoanza, mota huendelea kuzunguka hadi magurudumu yote ya pointi yarudi 0. Fundi atazame gurudumu ambalo halijafika 0 na kulisogeza kwa mkono. Mota ikisimama, kasoro iko kwenye kinachosogeza gurudumu hilo: koili, springi au grisi iliyoganda. Ikiwa yote yako 0 na mota bado inazunguka, zichunguzwe swichi zinazotambua 0 na kihesabio cha gololi, ambacho huenda hakijarudi mwanzo.

Fyuzi inayokatika. Wakati inapokatika ni dalili. Ikikatika mara tu mashine inapowashwa, shoti iko kwenye sakiti yenye umeme muda wote, kwa mfano soketi ya balbu iliyopinda. Ikikatika gololi inapogonga shabaha fulani, koili ya shabaha hiyo ipimwe kwanza.

Koili inayobaki na umeme. Mashine izimwe mara moja. Chanzo mara nyingi ni swichi ambayo ncha zake zimeshikana, si koili yenyewe. Koili mpya ikiwekwa bila kurekebisha swichi, nayo itaungua.

Kusafisha swichi

Ncha za swichi za mkondo mkubwa, kama za flipa, ni za tungsteni na zinaweza kusuguliwa kwa tupa ndogo. Ncha nyingi nyingine ni za fedha. Hizo hazipaswi kupigwa tupa, maana fedha ni laini na huisha upesi. Kipande cha karatasi ngumu kikipitishwa kati ya ncha hutosha mara nyingi. Baada ya kusafisha, nafasi kati ya ncha zilizoachana irekebishwe iwe milimita 1.5 hivi.

Mafuta ya kupulizia hayafai. Huvuta vumbi, na cheche za swichi zinaweza kuyawasha. Vihesabio vilivyoganda husafishwa kwa kufunguliwa na kuondolewa grisi ya zamani. Fundi hubadilisha au kurekebisha kitu kimoja kwa wakati, kisha hujaribu mashine kabla ya kugusa kingine; akirekebisha swichi nyingi kwa pamoja anaweza kuongeza hitilafu mpya juu ya ile ya mwanzo.