Kuendesha na kuegesha gari jijini London

Kwa dereva aliyezoea barabara za Kenya, zile za London si ngeni kabisa. Magari hupita upande wa kushoto, na mgeni mwenye leseni halali ya Kenya anaruhusiwa kuendesha gari dogo nchini Uingereza kwa muda usiozidi miezi 12. Tatizo ni ada, kwani hakuna kizuizi barabarani wala karani wa kuzidai.

Ada ya msongamano ilianzishwa Februari 17, 2003, ikiwa pauni 5 kwa siku. Tangu Januari 2, 2026 ni pauni 18. Hutozwa katikati ya jiji kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi na Jumapili huanza saa sita mchana. Kamera husoma nambari za usajili, na anayechelewa kulipa huongezewa. Zikipita siku tatu baada ya safari bila malipo, faini ni pauni 180, ambayo hupunguzwa kwa nusu ikilipwa katika siku 14.

Ada ya pili, pauni 12.50 kwa siku, hutozwa magari yanayotoa moshi mchafu kupita kiwango kilichowekwa, hasa ya zamani. Tangu Agosti 29, 2023 inahusu mitaa yote ya London, usiku na mchana, isipokuwa sikukuu ya Krismasi. Gari moja laweza kudaiwa ada zote mbili.

Kuhusu maegesho, mistari miwili ya manjano kando ya barabara humaanisha ni marufuku kuegesha wakati wowote. Ukiwa mmoja, saa za marufuku huandikwa kwenye kibao kilicho karibu. Penye mistari miwili myekundu, hata kusimama hakuruhusiwi. Mitaa mingi huwatengea nafasi wakazi wenye vibali.

Ilani ya faini hutumwa kwa mtu ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake. Hivyo, mgeni aliyeazimwa gari na jamaa yake anaweza kurejea Nairobi na kumwachia mwenyeji deni. Kwa gari la kukodi, kampuni humdai mteja.

Ni busara kuikagua nambari ya gari katika tovuti ya Transport for London kabla ya safari, au kuliacha kwenye maegesho ya kituo cha pembezoni na kuingia mjini kwa treni.