Silabi za Muwa

Chukua neno muwa. Likate mara mbili: mu, wa. Sasa panga ndugu zake, vile mwalimu yeyote wa darasa la kwanza hufanya: ma, me, mi, mo, mu, wa, we, wi, wo, wu. Ongeza irabu tano. Mtu ambaye hajawahi kushika kalamu sasa ana silabi 15, na tayari anaandika mimi. Anaandika wewe, mama, mawe, maua. Anaandika ameoa. Halafu, akichezea silabi hizo hizo bila kuongeza hata herufi moja, anafika kwa ameumia. Na ameuawa.

Wazo la kuanza na neno lililo mdomoni mwa mtu si langu. Mwaka 1963, huko Angicos, kaskazini mashariki mwa Brazil, Paulo Freire na kikundi cha wanafunzi wa chuo walifundisha watu wazima kama 300 kusoma kwa saa 40. Freire alitumia maneno ya maisha yao: jembe, tofali, mshahara. Katika moja ya orodha zake kuna engenho, yaani kinu cha miwa. Kabla ya kukata silabi, darasa liliangalia picha na kujadili. Hiki kinu ni cha nani? Mwaka uliofuata jeshi likapindua serikali, Freire akafungwa kama siku 70, kisha akaenda uhamishoni. Kwa somo la silabi, jamani!

Sasa lete somo hilo Katelembo, karibu na mji wa Machakos. Hapa muwa hauhitaji kutambulishwa. Unauzwa umemenywa na kukatwa vipande, ndani ya kamfuko, unatafuna ukingoja matatu ijae. Lakini historia ya miwa tuliyofundishwa shuleni haikuwa na Ukambani ndani. Ilikuwa wimbo: Mumias, Chemelil, Muhoroni, Nzoia. Taja viwanda, pata alama. Machakos ilitajwa kwa mmomonyoko wa udongo na matuta, basi.

Na bado miwa ilikuwa katikati ya maisha hapa kabla ya kiwanda chochote. Wakamba walitengeneza uki, pombe ya maji ya miwa au ya asali, na haikuwa ya kulewa tu. Uki uliingia kwenye mahari, ukanywewa na wazee wa nzama wakiamua kesi, ukamwagwa chini kwenye ithembo wakati wa tambiko. Kisha mwaka 1895 wamishonari wa Africa Inland Mission wakafika Nzaui. Walileta kitabu, na walitaka muumini aache pombe. Waliowafuata waliitwa asomi, yaani wasomaji. Hebu fikiria hilo kidogo. Kujua kusoma kulikuja pamoja na kukiacha kibuyu, kwa hivyo herufi zikakaa upande mmoja na muwa upande mwingine. Kwangu hii ndiyo sababu nzuri zaidi ya kuvikutanisha tena ubaoni.

Darasa la ngumbaru lingeweza kuanza na maswali manne. Nani alipanda miwa? Nani aliimenya? Nani aliitwanga? Nani aliruhusiwa kunywa? Majibu hayako kwenye kitabu cha mwalimu. Anayo susu aliyekaa kwenye kiti cha nyuma, yule ambaye watoto wake humwambia amechelewa kusoma. Yeye anaeleza, mwalimu anaandika, kisha susu anasoma maneno yake mwenyewe.

Mtu atasema susu anataka kusoma meseji ya M-Pesa, si historia. Sawa, na ana haki: asiyejua kusoma humpa mtu mwingine simu yake, na wakati mwingine na PIN juu. Lakini mtu aliyezoea kuuliza kinu ni cha nani atauliza pia makato haya ni ya nini.

Turudi kwa yale maneno mawili mazito, kwa sababu muwa wa Afrika Mashariki una damu yake. Katika karne ya 19, kando ya mto Pangani, watumwa walikata na kukamua miwa kwenye mashamba ya matajiri wa pwani. Abushiri bin Salim alikuwa na shamba kama hilo. Mwaka 1888 aliongoza vita dhidi ya Wajerumani, na Desemba 1889 akanyongwa Pangani. Vitabu vyetu vinamwita shujaa, na kwa upande mmoja alikuwa. Ila andika ubaoni: Abushiri ameuawa. Chini yake andika: waliokata miwa yake wameumia. Sentensi ya kwanza ina jina la mtu, ya pili haina. Acha darasa ligundue hivyo lenyewe. Ng'ambo ya Atlantiki ni hadithi hiyo hiyo kwa ukubwa wa kutisha: zaidi ya watu milioni 12 walipakiwa melini kutoka Afrika, na mashamba ya miwa yakameza sehemu kubwa yao.

Somo la mwisho linahitaji silabi moja mpya tu: ni. Miwa, miwani. Watoto watacheka, wakidhani ni ya macho. Waache wacheke. Kisha waonyeshe kwenye ramani, karibu na Kisumu, Miwani, mahali penye miwa, ambapo kiwanda cha sukari kilijengwa mwaka 1922. Waulize pale paliitwaje kabla ya hapo, na nani alikuwa akilima.