Gurudumu la spoki: chuma chembamba kilichobeba Ugogo

Huko Uingereza, mpenzi wa magari ya zamani anaweza kutumia fedha nyingi kufufua magurudumu manne ya spoki yanayong'aa kwa kromu, kisha akayafunga kwenye gari ambalo ameliunga mwenyewe kipande kwa kipande. Anatafuta urembo wa zamani. Dodoma, katika nchi ya Wagogo, gurudumu la ukoo huohuo halikupata nafasi ya kuwa pambo. Limebeba madumu ya maji, magunia ya mkaa, mtama, wagonjwa na maharusi, na limedumu kwa sababu moja kubwa: likiharibika, hufunguliwa na kuundwa upya kwa mkono.

Ukoo huo ulianzia kwenye baiskeli. Mwaka 1869 fundi Eugène Meyer wa Paris alipata hataza ya gurudumu la waya zilizokazwa. Magurudumu ya mbao yaliyotangulia yalisimama juu ya miti yake. Hili la Meyer lilishikiliwa na mvutano, kila spoki ikiivuta ringi kuelekea katikati. Mwaka 1874 James Starley wa mji wa Coventry, Uingereza, akapanga spoki zikipishana badala ya kutoka moja kwa moja kwenye habu, na gurudumu likapata nguvu ya kuhimili msukumo wa miguu. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop akaleta tairi la upepo, na baiskeli tunayoijua ikakamilika.

Coventry hiyohiyo ilichangia kuyaeneza magurudumu haya kwenye magari. Kampuni ya Rudge-Whitworth, watengenezaji wa baiskeli, ilianza kuuza magurudumu ya spoki ya kuchomoa haraka kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Yakapendwa na waendesha magari ya mbio, na baadaye yakawa alama ya magari kama MG na Jaguar. Mwaka 1943 jina la baiskeli za Rudge likachukuliwa na Raleigh ya Nottingham, kampuni ambayo baiskeli zake zilienea hadi maduka ya Tanganyika.

Mlango wa Dodoma ulikuwa reli. Reli ya Kati iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika hapa mwaka 1910. Chini ya Waingereza, Raleigh, Hercules na BSA zilishuka kwa treni na kuuzwa na wafanyabiashara wa Kihindi. Makarani, walimu wa misheni na makatekista walikuwa miongoni mwa walioweza kuzinunua. Mpango mkubwa wa kulima karanga huko Kongwa ulipoanza mwaka 1947, vibarua wengi walishika mshahara wa fedha taslimu, na baiskeli ilikuwa kati ya vitu ambavyo mwenye mshahara alivitamani mapema. Karanga zilishindwa na mpango ukafutwa mwaka 1951, lakini kiu ya baiskeli haikufutika.

Baiskeli ya Kiingereza ya wakati huo ilikuwa na spoki 32 mbele na 40 nyuma. Hesabu hiyo ina sababu: gurudumu la nyuma hubeba uzito mkubwa wa mpandaji, hubeba mzigo wa keria, na ndilo linalovutwa na mnyororo. Breki zake za vyuma virefu hubana upande wa ndani wa ringi, kwa hiyo ubavu unaong'aa hausuguliwi. Ndiyo maana ringi kuukuu inaweza kuonekana mpya ubavuni ilhali ndani, mlipogusa mpira wa breki, imeshalika.

Mng'aro huo una historia yake. Kabla ya miaka ya 1920 vyuma vilipakwa nikeli, ambayo hufifia. Kromu ilipoanza kutumika viwandani katikati ya miaka hiyo, ilikuwa utando mwembamba mno juu ya nikeli, na nikeli hiyo ndiyo inayokinga chuma hasa. Maji yakipenya kwenye vitundu visivyoonekana kwa jicho, kutu huanzia chini na kuvimbisha utando. Pwani, upepo wa chumvi huharakisha kazi hiyo. Uwanda wa kati, wenye mvua ya msimu mmoja na miezi mingi ya ukame, huihurumia kromu. Uhasama wake uko kwingine: miba ya migunga, makorongo, na tope la mbuga linaloganda kwenye habu wakati wa masika.

Hapo ndipo fundi wa chini ya mti anapoingia. Ringi ikiyumba, huigeuza baiskeli miguu juu, akazungusha gurudumu na kuegesha kidole au kipande cha chaki karibu na ringi ili kuona inapogusa. Kisha kwa spana ndogo ya spoki hulegeza upande mmoja na kukaza mwingine, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Fundi mzoefu huzigusa spoki na kusikiliza mlio, kwa kuwa iliyolegea hulia chini kuliko wenzake. Mafundi wa magari ya kifahari hufanya hivyohivyo. Wao wana tatizo la ziada: spoki yenyewe ikipakwa kromu vibaya, hidrojeni ya kwenye dawa huingia ndani ya chuma na kukifanya kikatike ghafla. Baiskeli nyingi za kazi ziliepuka balaa hilo, kwani kromu ilibaki kwenye ringi, na spoki zikapakwa zinki tu.

Baada ya Uhuru, majina yalibadilika. Phoenix ya Shanghai ikawa farasi wa vijijini, na taifa likatengeneza baiskeli yake, Swala. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 ilipowakusanya watu katika vijiji vya ujamaa, wengi walijikuta mbali na mashamba yao ya zamani, na baiskeli ikahitajika zaidi. Kisha ukaja uhaba wa fedha za kigeni baada ya vita vya Kagera, na spea zikawa adimu hadi serikali ilipolegeza uingizaji wa bidhaa mwaka 1984. Katika miaka hiyo gurudumu lililofumuliwa lilikuwa ghala la spea: spoki moja hapa, habu kule.

Spoki iliyochoka nayo haikutupwa. Wachoma mishikaki waliigeuza kijiti, ingawa mipako yake si ya kuwekwa kwenye nyama na moto. Watengenezaji wa marimba ya vidole huziponda spoki na misumari kuwa bapa ili zitoe sauti. Ala hiyo, ilimba kwa Wagogo, ndiyo mwanamuziki Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliyoipeleka kwenye majukwaa ya dunia.

Leo Dodoma ni jiji, na lami imefika Iringa na Babati. Bodaboda nyingi bado zinatembelea spoki, huku ringi za aloi zikiongezeka kwa sababu hazihitaji kukazwa. Hesabu yake iko wazi. Aloi ikipasuka kwenye shimo, mwenye pikipiki hununua nyingine. Spoki ikikatika, hununua moja. Kwa anayesafiri mbali na lami, hesabu ya pili bado ndiyo inayomrudisha nyumbani.