Nyota Zibadilikazo na Uhakiki wa Taarifa Zake

Mwaka wa 1596 David Fabricius aliona katika kundi la Cetus nyota iliyofifia hata ikatoweka machoni; mwaka wa 1662 Hevelius aliiita Mira. Aitazamaye nyota ya namna hii hana budi kuandika mwangaza wake na saa yake, maana usiku uliopita haurudi.

Chama cha AAVSO, kilichoundwa Marekani mwaka wa 1911, kimekusanya mamilioni ya taarifa hizo, nyingi za watu wasiolipwa. Zamani nukta zilitiwa kwa mkono juu ya karatasi. Siku hizi programu ya VStar, iliyotungwa katika mradi wa Citizen Sky wa kuchunguza kupatwa kwa Epsilon Aurigae kwa miaka 2009–2011, huzichora kwenye kioo cha kompyuta, na nukta iliyojitenga huonekana mara moja. Je, ni kosa? Huenda mtazamaji alishika nyota ya jirani, au alikosea tarehe. Huenda pia nyota yenyewe iliwaka ghafula, akaiona yeye peke yake. Mhakiki wa miswada ya kale ataitambua shida hii. Kwa hiyo nukta yenye shaka hutiwa alama tu, wala haifutwi.