Kunguni na Mizigo ya Msafiri

Kunguni ni mdudu bapa wa rangi ya kahawia, asiye na mabawa, anayeishi kwa damu peke yake na anayeitafuta usiku, mwenye kitanda akiwa amelala. Aliyekomaa ana urefu wa milimita 5 hadi 7. Tofauti na chawa, hang'ang'anii mwilini: hufyonza kwa dakika 5 hadi 10, akishiba hurudi mafichoni karibu na kitanda. Hana basi njia ya kuhama mji isipokuwa kubebwa, na mbebaji wake mkuu ni begi la msafiri. Makala haya yanaeleza jinsi kunguni anavyoupanda mzigo huko ugenini, na jinsi ya kumzuia asiingie nao nyumbani.

Spishi zinazomsumbua binadamu ni mbili. Cimex lectularius, aliyepewa jina na Carl Linnaeus mwaka 1758, ni wa nchi za baridi zaidi. Cimex hemipterus ni wa nchi za joto, na ndiye aliyechunguzwa katika vijiji vya kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Kwa macho ya kawaida ni vigumu kuwatofautisha, lakini ipo tofauti moja kati yao, itakayoelezwa mbele, ambayo inabatilisha ushauri unaorudiwa mno na washauri wa watalii. Uhusiano wao na vitanda vya watu ni wa kale: mabaki ya kunguni yamefukuliwa katika magofu ya Amarna nchini Misri, mji uliokaliwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Baada ya Vita Kuu ya Pili dawa ya DDT iliwapunguza sana Ulaya na Marekani, ingawa usugu dhidi ya dawa hiyo ulionekana kabla hata muongo wa 1940 haujaisha. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wamerudi kwa kishindo katika miji tajiri. Afrika Mashariki hawakuwahi kuondoka.

Linalomtisha mwenye nyumba zaidi ni uzazi wao. Jike hutaga yai 1 hadi 5 kwa siku, na mamia ya mayai maishani. Kila yai ni jeupe, lina urefu wa milimita 1, na limegandishwa kwa utando wenye gundi kwenye uzi, ubao au mshono. Huanguliwa kwa siku 6 hadi 10. Tunutu anayetoka hupitia hatua tano kabla ya kukomaa, na katika kila hatua hana budi kunywa damu walau mara moja. Chumba kikiwa na joto na mwenye kulala yupo kila usiku, safari hiyo huchukua wiki 5 au 6 hivi. Jike mmoja aliyekwisha kupandwa anatosha kuanzisha ukoo. Aliyebebwa katika begi la Krismasi anaweza kuwa na wajukuu ifikapo Pasaka. Na hata asipopata damu hafi haraka: aliyekomaa huweza kuvumilia njaa kwa miezi kadhaa, hasa penye ubaridi. Kulifungia begi kabatini wiki mbili na kudhani tatizo limekwisha ni kujidanganya.

Kunguni hachagui nyota za hoteli. Hilo lilijulikana dunia nzima mwaka 2023, pale Paris ilipokumbwa na taharuki. Mwezi Julai mwaka huo Anses, wakala wa serikali ya Ufaransa unaoshughulikia usalama wa chakula, mazingira na kazi, ulitoa ripoti iliyoonyesha kwamba asilimia 11 ya kaya za nchi hiyo zilipatwa na kunguni kati ya 2017 na 2022, kipato cha kaya kikiwa si hoja. Miezi michache baadaye video za wadudu katika viti vya treni na kumbi za sinema zilisambaa, Naibu Meya Emmanuel Grégoire akaiandikia serikali kuu akitaka hatua zichukuliwe, na mbwa wenye uwezo wa kunusa kunguni wakaingizwa katika vyombo vya usafiri, miezi kadhaa kabla ya Michezo ya Olimpiki ya 2024. Hofu ilikuwa kubwa kuliko ushahidi, na wengi walioogopa treni hawakuligusa begi lao wenyewe.

Begi ndilo lenye jibu. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield nchini Uingereza, wakiongozwa na William Hentley, waliwaachia kunguni katika vyumba vyenye mifuko ya nguo safi na mifuko ya nguo zilizovaliwa. Hapakuwa na mtu aliyelala humo. Wadudu walijikusanya kwenye nguo zilizovaliwa takriban mara mbili zaidi, kwa kuwa harufu ya mwili inayobaki katika kitambaa huwavuta hata mwenye nguo asipokuwepo. Kwa maneno mengine, fulana ya jasho iliyotupwa sakafuni, karibu na begi lililo wazi, ni mwaliko. Mgeni anayetoka kutwa nzima kutembelea mji huacha nyuma yake chambo chumbani.

Ushauri unaofuata kwa kawaida ni kufungia nguo chafu katika mfuko wa plastiki. Kwa msafiri wa Afrika Mashariki ushauri huo unahitaji marekebisho, kwa sababu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Rwanda mwaka 2008, Kenya Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019. Mbadala upo, tena ni bora kuliko mfuko mwembamba unaotoboka: mfuko mzito usiopitisha maji, wa aina wanayotumia wapiga makasia, ambao mdomo wake hukunjwa na kufungwa kwa kifungo, au, kwa anayesafiri kwa gari lake, ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana.

Ukaguzi wa chumba huchukua dakika chache, na wakati wake ni kabla mzigo haujafunguliwa, mtu akiwa na tochi ya simu mkononi na begi limebaki mlangoni. Ukaguzi uanzie kichwani mwa kitanda, kwa sababu kunguni hupenda kukaa karibu na chakula chake. Shuka huinuliwa pembeni, kisha mshono wa godoro hufuatwa kwa kidole na mwanga, pamoja na lebo na mikunjo ya pindo. Kinachotafutwa mara nyingi si mdudu mwenyewe bali alama zake: madoadoa meusi ya kinyesi, ambayo yakipanguswa kwa kitambaa chenye maji husambaa kama wino, magamba ya rangi ya njano aliyojivua tunutu, mayai katika nyufa, vidoa vya damu kwenye foronya. Baada ya godoro hufuata chaga, maungio ya matendegu, matundu ya skrubu na ubao wa kichwani, hasa ule uliobanwa ukutani. Penye chandarua, pindo lake na fundo la juu linaloning'inia vinastahili kuangaliwa, maana watu huangalia godoro na kusahau neti. Vivyo hivyo kochi la kupumzikia. Dalili zikionekana, mgeni ana haki ya kuomba chumba kingine, na asikubali kile kinachopakana na cha kwanza, wala cha juu au cha chini yake, kwa kuwa kunguni hupita penye nyufa za kuta na njia za nyaya.

Hapa ndipo ile tofauti ya spishi inapoingia. Watalii wa Ulaya na Marekani huambiwa waweke mizigo katika beseni la kuogea, kwa sababu kunguni wa nchi za baridi huteleza kwenye ukuta laini na kushindwa kupanda. Ni kweli kwa Cimex lectularius. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba Cimex hemipterus ana vinyweleo vingi zaidi vya kunatia kwenye miguu, na hupanda kuta laini ambazo mwenzake hazimudu. Katika hoteli ya Mombasa au Zanzibar, kwa hiyo, beseni la kuogea si ngome. Bafu bado ni mahali pazuri kuliko kitanda au zulia, kwa kuwa lina maficho machache na liko mbali na mwenye kulala, lakini kinga halisi ni begi kufungwa zipu muda wote, nguo chafu kuhifadhiwa katika mfuko unaobana, na mzigo kuwekwa juu ya kibao cha chuma kilichosogezwa mbali na ukuta. Nguo kutundikwa katika kabati la hoteli kwa siku mbili hakuna faida inayolingana na hatari yake.

Siku ya kurudi ndiyo inayoamua. Begi lisipite moja kwa moja hadi chumbani, na kamwe lisifunguliwe juu ya kitanda. Lifunguliwe uani, barazani au kwenye sakafu tupu yenye rangi nyeupe, na kila nguo, hata ile ambayo haikuvaliwa, iende kwenye maji ya moto.

Neno muhimu ni moto. Mwaka 2010 Richard Naylor na Clive Boase walichapisha majaribio ya ufuaji ambayo kila kaya inayofua kwa mkono ingefaa kuyajua. Kuloweka nguo katika maji baridi kwa saa 24 kuliwaua kunguni waliokomaa na tunutu, lakini mayai yalibaki hai. Kufua kwa nyuzi joto 40 za Selsiasi pia kuliacha mayai kadhaa. Kufua kwa nyuzi 60 kuliua wadudu na mayai yote, na vilevile kukausha kwa mashine kwa dakika 30 katika joto linalozidi nyuzi 40. Desturi ya kuloweka usiku kucha katika maji baridi, basi, haitoshi. Asiye na mashine achemshe maji na kulimwagia karai la kanga, shuka na fulana za pamba maji yaliyotoka jikoni, ayaache yafanye kazi kabla ya kufikicha, na zikikauka azipige pasi ya moto taratibu kwenye mishono na mikunjo. Hariri, sufu na viatu visivyovumilia maji ya moto vina njia nyingine, nayo ni friza: kwa nyuzi 18 chini ya sifuri, siku nne mfululizo zinatosha, mradi vitu visishindiliwe, maana baridi huchelewa kufika katikati ya furushi.

Begi lenyewe lisisahaulike. Mishono, mifuko ya ndani, bitana na nafasi za magurudumu husuguliwa kwa brashi ngumu, na penye mashine ya kufyonza vumbi au ya mvuke, ipitishwe. Kisha lihifadhiwe stoo, si chini ya kitanda.

Wengi hutegemea jua. Kulianika begi au godoro juani ni desturi ya kila kijiji, na kuna nafuu ndani yake, kwa kuwa baadhi ya wadudu hutoka na kuonekana. Lakini joto linaloua kunguni na mayai yote linakaribia nyuzi 50 na kuendelea, nalo lazima lifike ndani kabisa. Upande wa juu wa godoro huungua, wa chini ukabaki na ubaridi, na kunguni hujua kuhamia huko.

Dawa za kupulizia zimebeba matumaini makubwa zaidi na kuyavunja. Dawa nyingi za madukani ni za kundi la pairethroidi, kemikali zilizobuniwa kwa kufuata sumu asilia ya pareto, zao ambalo Kenya na Tanzania zimelilima kwa miongo mingi. Vyandarua vilivyotiwa dawa za kundi hilo vilipoingia katika vijiji vya kaskazini-mashariki mwa Tanzania, kunguni walitoweka na wanavijiji wakafurahi. Kufikia mwaka 2002 watafiti waliripoti kwamba katika vijiji vilivyotumia vyandarua hivyo kwa miaka mingi kunguni walikuwa wamerudi, na safari hii walikuwa sugu. Anayelipulizia begi lake kopo zima hapati uhakika, ila anapata sumu katika nguo zake.

Na sumu hiyo si jambo la kudharau. Mwaka 2018 huko Hurghada nchini Misri, watalii wawili kutoka Uingereza waliofikia hotelini walifariki baada ya chumba cha jirani kufukizwa dawa ya kunguni. Uchunguzi wa kifo uliofanyika Uingereza ulihitimisha mwaka 2023 kwamba waliuawa na gesi yenye sumu ya kaboni monoksidi iliyotokana na kemikali iliyochanganywa katika dawa hiyo. Kunguni hajathibitika kumwambukiza binadamu ugonjwa wowote. Hunyima usingizi, huleta muwasho na vidonda vya kujikuna, na huwatia watu aibu, lakini haui. Kutumia sumu ya mashambani, vidonge vya kuhifadhia nafaka au mafuta ya taa chumbani ni kuleta hatari iliyo kubwa kuliko mdudu.

Mtu asiusubiri mwili umpe taarifa. Kwa baadhi ya watu uvimbe huchelewa hadi wiki mbili, na wengine hawaonyeshi alama yoyote, hivyo katika kitanda kimoja mke anaweza kujikuna na mume akaapa hakuna kitu. Kinachofaa ni kulikagua godoro kila wiki kwa miezi miwili baada ya safari. Wakionekana wangali wachache, katika kitanda kimoja, maji ya moto, mvuke na subira huweza kuwamaliza. Wakishatawanyika katika kuta na makochi, kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni.

Kwa kaya nyingi za Afrika Mashariki, hata hivyo, msafiri anayehitaji kuangaliwa zaidi hatoki hotelini. Anatoka bwenini. Shule zinapofungwa, maelfu ya wanafunzi hurudi kwa siku moja na masanduku ya bati, magodoro na mablanketi yaliyokaa miezi mitatu katika vyumba vya vitanda vya ghorofa vilivyobanana, kisha mizigo hiyo hushindiliwa pamoja katika buti la basi. Mtoto hujua kama bwenini kuna kunguni, lakini mara nyingi hasemi, kwa kuogopa kuonekana mchafu. Wazazi wamuulize kwa upole kabla hajafika, wampokee uani na karai la maji ya moto likiwa tayari, na likizo ikiisha waufikishe ukweli kwa mwalimu wa bweni bila kumlaumu yeyote. Walimu nao wavikague vitanda kabla ya siku ya kufunga shule, wakati kunguni bado wako mahali pamoja.