V8 Zilizozaliwa Juu ya Migodi ya Dhahabu

Kensington ni mtaa wa vilima vya mawe mashariki mwa Johannesburg, ulioanzishwa mwaka 1897, na haujawahi kuwa na kiwanda cha magari. Ukiteremka kusini unaikuta Jules Street, barabara ndefu iliyonyooka, maarufu kwa wauza magari yaliyotumika. Ukielekea kaskazini-mashariki, safari fupi tu, unafika Edenvale, alikokuwa na karakana fundi Basil Green. Anayeitafuta historia ya magari ya Kimarekani yenye misuli kusini mwa Afrika aanzie pande hizi, asianzie Detroit, kwa maana magari yanayostahili heshima kubwa zaidi katika historia hiyo ni yale yaliyoundwa na mafundi wa jiji hili kwa injini ya Marekani na bodi ya kwingine.

Sababu ya kwanza ni hewa. Johannesburg iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu zake kwa kila mita 100 unazopanda, hivyo gari linaloruka Durban hufika kwenye nyanda za juu likiwa limepungukiwa karibu sehemu moja kwa sita. Kabureta iliyorekebishwa pwani, ikifika huku, humwaga mafuta kupita kiasi, na gari linatoa moshi mweusi. Tiba ya zamani ilikuwa moja tu, nayo ni ukubwa wa injini. Ongeza kwamba barabara ya kwenda Cape Town ina takriban kilomita 1,400, sehemu kubwa ikikatiza tambarare kavu za Karoo, utaelewa kwa nini silinda nane za V8 hazikuonekana anasa.

Sababu ya pili ni serikali. Ford ilianza kuunganisha magari Port Elizabeth mwaka 1924 ndani ya ghala la zamani la sufu, na General Motors ikafuata mwaka 1926. Kwa miongo mingi Chevrolet, Ford na Plymouth zilitawala barabara za nchi. Kuanzia 1961 serikali ikaanza kudai magari yatengenezwe kwa vipuri vya nyumbani, ikapandisha masharti hatua kwa hatua hadi theluthi mbili ya uzito wa gari kufikia 1976. Wakati huohuo Marekani ilikuwa imelewa kasi: Pontiac GTO na Ford Mustang zilitoka mwaka 1964, zote zikiwa na usukani wa kushoto. Kuleta gari zima la namna hiyo katika nchi inayoendesha upande wa kushoto kulikuwa mzigo wa fedha na wa makaratasi. Injini peke yake ilikuwa rahisi zaidi.

Hapo ndipo Basil Green alipoingia. Alianza kwa kutia injini ya V6 katika Cortina, akaiita Perana, jina lililotoholewa kwa samaki piranha. Kisha akachukua Ford Capri, gari dogo la Ulaya lenye pua ndefu, akaing'oa V6 yake na kuweka mahali pake V8 ya lita 5 kutoka Marekani. Kazi hii haikuwa ya kichochoroni. Capri Perana ziliuzwa kupitia wauzaji rasmi wa Ford, na takriban 500 zikatengenezwa. Mwaka 1970 gari hilo likatwaa ubingwa wa Afrika Kusini wa mbio za magari ya saluni, na mwaka uliofuata likautwaa tena.

General Motors haikukubali kuachwa nyuma. Dereva wa mbio Basil van Rooyen aliishawishi itoe Chevrolet Firenza Can Am, yaani bodi ya Vauxhall ya Kiingereza yenye V8 ya lita 5 ya Camaro Z28. Kanuni za mbio zilidai magari 100 yauzwe kwa raia kabla ya gari hilo kuruhusiwa uwanjani, basi yakatengenezwa 100. Huo ulikuwa mwaka 1973. Mwezi Novemba mwaka uleule mgogoro wa mafuta ukaifikia nchi, serikali ikashusha mwendo hadi kilomita 80 kwa saa na kubana saa za vituo vya petroli. Gari lililoundwa kwa ajili ya kasi likazaliwa katika mwaka ambao kasi ilikatazwa.

Msomaji wa Nairobi au Arusha atakumbuka kwamba sisi tulishaionja V8 mapema. Katika Safari Rally ya 1964 Wamarekani walileta kikosi cha Mercury Comet zenye injini hizo, na mbili tu ndizo zilizofika mwisho. Ushindi ulikwenda kwa Peter Hughes na Cortina GT yake. Matope yetu hayakuheshimu nguvu. Lami ya Transvaal, jimbo la Johannesburg enzi hizo, iliiheshimu, na ndiyo maana mapenzi haya yalishika mizizi kusini.

Lakini mapenzi hayo hayakuwa ya Wazungu peke yao, na hapa ndipo wakusanyaji wengi wanaponikera. Sophiatown, magharibi mwa jiji, ilikuwa na genge lililojiita Waamerika, vijana waliovaa na kutembea kama mabwana wa sinema, kabla polisi hawajaanza kuwahamisha wakazi kwa nguvu Februari 1955. Katika Soweto na Alexandra, magari makubwa ya Kimarekani, Chevrolet na Valiant, ndiyo yaliyokuwa teksi kabla ya mabasi madogo kutawala kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970. Kensington yenyewe wakati huo ilikuwa mtaa wa Wazungu kwa amri ya sheria. Gari la Kimarekani lililobeba wafanyakazi alfajiri na V8 iliyoshangiliwa katika uwanja wa mbio wa Kyalami vilikuwa ndugu wa damu.

Mwisho wa enzi ulitoka katika siasa. Mwaka 1984 Ford ilitoa Sierra XR8 yenye V8, magari 250 hivi, tena kwa ajili ya mbio. Kisha shinikizo la kuususia ubaguzi wa rangi likabana, General Motors ikawauzia mameneja wa ndani kampuni yake ya huko, iliyopewa jina la Delta, na Ford nayo ikajitoa. Chevrolet ilirudi baadaye, ikaondoka tena baada ya tangazo la 2017.

Kufufua gari la aina hii leo kuna faida na hasara zake za kijiografia. Baridi kavu ya nyanda za juu huchelewesha kutu, ndiyo sababu bodi iliyoishi Johannesburg hupendwa kuliko ile ya Durban. Jua la huku, kwa upande mwingine, hupasua dashibodi na vitambaa vya viti. Fundi mzuri hupitisha sumaku kwenye milango na mabawa. Isiponasa, chini ya rangi kuna puti. Tangu petroli yenye risasi iondolewe mwaka 2006, vichwa vya injini za zamani vinahitaji viti vigumu vya valvu, la sivyo valvu hujichimbia. Na kwa Can Am, kazi kubwa ni ushahidi. Firenza ya kawaida na V8 yoyote vinaweza kufanywa Can Am ya kughushi katika gereji, kwa hiyo mnunuzi makini hulinganisha namba za chesisi, za injini na makaratasi ya zamani kabla hajatoa hata randi moja.

Kensington na bonde jirani la Bezuidenhout siku hizi ni mitaa mchanganyiko, yenye wenyeji, Wakongo na wahamiaji wengine. Jules Street iliumia vibaya Septemba 2019, magari mengi yalipochomwa moto katika mashambulizi dhidi ya wageni. Katika mazingira hayo, kuhifadhi magari si starehe ndogo: ujuzi wa kuyarekebisha unabebwa na watu, na watu hao wanaweza kufukuzwa.

Mashabiki wametunza vizuri magari ya mbio, na ninawashukuru kwa dhati. Ila Makumbusho ya Usafiri ya James Hall pale La Rochelle, yaliyoanzishwa mwaka 1964, yangenifurahisha zaidi kama siku moja yangeweka ukumbini, bega kwa bega na Perana, Valiant ya teksi iliyochakaa viti, pamoja na kibali chake cha kubeba abiria na jina la dereva aliyekihangaikia.